Hofu Iliyomo Kitabuni

Hofu ni mwalimu aliyewatangulia walimu wote. Kabla mtoto hajajua kutamka jina lake amekwisha jua kushtuka, na kabla hajajua kusoma amekwisha jua kuwa giza si sawa na mwanga. Hapana mzazi awezaye kumlea mtoto asiyeogopa kitu, wala haifai kumtamani mtoto wa namna hiyo, kwani asiyeogopa moto huungua na asiyeogopa maji huzama. Wajibu wa wakubwa, basi, si kuing'oa hofu moyoni mwa mtoto. Wajibu wao ni kumfundisha kukaa nayo kama mwenye mbwa akaavyo na mbwa wake: amjue tabia zake, amfunge panapostahili kumfunga, amfungulie panapostahili kumfungulia, wala asikubali hata siku moja kuburutwa naye njiani.

Nataka kunena habari za vitabu vya kutisha viandikwavyo kwa ajili ya watoto. Vitabu vya mazimwi, mizuka, wachawi na nyumba zisizokaliwa na watu. Watu wengi wenye heshima huvichukia. Huuliza: dunia ina vitisho vya kutosha, ya nini kumnunulia mtoto vitisho vingine kwa fedha? Swali hili ni zuri, nalo halistahili kujibiwa kwa mzaha. Mimi nimekaa na vitabu hivyo, nimekaa na watoto wavisomao, na tena nimezaliwa mahali ambapo hofu isiyofundwa imemwaga damu ya watu wasio na hatia. Kwa hiyo nitalijibu kwa kadiri ya niliyoyaona.

Kijiji nilichozaliwa kiko pwani ya Kenya, kaskazini ya Mombasa. Utotoni mwangu nilitishwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ilikuwa ya jamaa mmoja aliyekaa nasi nyumbani. Kila alipotaka tunyamaze, alituambia kuwa katika mbuyu ulio nyuma ya nyumba mna jini lisikialo sauti za watoto. Hakuyasema maneno hayo kama hadithi. Aliyasema kama mtu atoaye habari ya bei ya samaki sokoni. Tulinyamaza kweli, lakini usingizi haukuja, na aliyeshikwa na haja usiku aliona heri kuumwa na tumbo kuliko kutoka nje.

Namna ya pili ilikuwa ya Bibi. Baada ya chakula alikaa mkekani akaita, "Paukwa!" Nasi tuliitika, "Pakawa!" Ndipo lilipokuja zimwi lililomtia msichana ndani ya ngoma, likazunguka naye vijijini likiipiga ngoma ile na kumlazimisha aimbe, mpaka siku moja sauti yake ikatambuliwa na watu wa kwao. Tulitetemeka, na katika kutetemeka kwetu tulizidi kumsogelea Bibi. Hadithi ilipokwisha, msichana alikuwa amerudi kwao, zimwi limepata malipo yake, na Bibi alisema, "Haya, wajukuu wangu, hadithi imekoma hapo. Ingieni mkalale." Nasi tulilala.

Ajabu ni kwamba zimwi la Bibi lilikuwa kali kuliko jini la mbuyuni. Jini lile halikupata kumgusa mtu. Zimwi lilikula watu. Walakini jini lilitunyima usingizi, na zimwi lilitupa. Sababu yake ni mlango. Hadithi ya Bibi ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. "Paukwa" ilitujulisha kuwa sasa twaingia katika nchi ya maneno, na neno la mwisho lilitujulisha kuwa tumetoka. Habari ya jini haikuwa na mlango. Ilienea ndani ya nyumba kama moshi, na kila mmoja wetu akaivuta.

Jambo hili nililiona kwa uwazi zaidi ugenini. Nilikaa miaka miwili katika mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, kwa ajili ya masomo, na kila Jumamosi nilisaidia kupanga vitabu katika chumba cha watoto cha maktaba ya mji. Mwezi wa Oktoba ulipoingia, rafu za mbele ziliondolewa vitabu vyake vya kawaida, zikajazwa vitabu vyenye picha za popo, paka weusi na mafuvu. Niliambiwa kuwa hayo ni maandalizi ya Halloween.

Halloween huangukia tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, na jina lake lina maana ya mkesha huo. Asili ya desturi zake ni ya kale zaidi. Waselti wa Ireland na Uskoti walikuwa na sikukuu iitwayo Samhain, iliyokuwa mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi, wakati usiku unapozidi kuwa mrefu na ng'ombe wanaporudishwa kutoka malishoni. Waliamini kuwa siku hiyo mpaka kati ya walio hai na waliokufa hulegea, na mizimu huweza kutembea. Katika karne ya 9 Kanisa la magharibi lilikwisha ifanya tarehe 1 Novemba kuwa siku ya Watakatifu Wote, na desturi za zamani zikaendelea kuishi pembeni mwa sikukuu mpya. Watu wa Ireland walichonga sura za kutisha katika mizizi mikubwa ya mboga ifananayo na figili, wakatia mwanga ndani yake. Wengi wao walipoikimbia njaa kuu ya miaka ya 1840 wakavuka bahari kwenda Marekani, walikuta huko maboga, ambayo ni makubwa zaidi na mepesi kuchongwa. Na sasa boga ndiyo alama ya Halloween. Desturi ya watoto kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende ilienea katika miaka ya 1930, ikapungua wakati wa Vita Kuu ya Pili sukari ilipogawiwa kwa kipimo, kisha ikarudi kwa nguvu.

Siyasemi haya ili kumshawishi msomaji aifuate sikukuu hiyo. Wako watu wa dini, huko na huku, wasioipenda, nao wana haki ya kushika yale yawapasayo. Naitaja kwa sababu ya jambo nililoliona. Jioni ile nilisimama barazani kwa mwenyeji wangu, akaja mtoto wa miaka minne hivi, amevaa nguo nyeusi zilizochorwa mifupa. Alipanda ngazi kwa woga, akamwegemea mama yake, kisha akakusanya nguvu zake zote akanguruma. Mwenyeji wangu, mzee wa miaka sabini, alishika kifua akarudi nyuma kama mtu aliyesukumwa. Mtoto alicheka mpaka kofia yake ikaanguka. Mwaka mzima wakubwa ndio watishao. Usiku ule mdogo alipewa zamu yake. Tena kila mtu pale alijua kuwa mifupa ile ni rangi tu juu ya kitambaa. Nikatambua kuwa kinyago kile ndiyo "Paukwa" ya watu wale.

Mkutubi wa chumba cha watoto alikuwa mama mmoja aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Vitabu vyake vya kutisha alivipanga katika rafu tatu: ya chini kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, ya kati kwa wenye miaka saba hadi kumi na miwili, na ya juu kwa vijana. Nilimwuliza kwa nini hakuvipanga kwa majina ya waandishi kama vitabu vingine. Alinijibu kuwa dukani viatu havipangwi kwa majina ya washonaji, bali kwa ukubwa wa miguu.

Katika rafu ya chini kilikuwako kitabu cha Maurice Sendak kiitwacho Where the Wild Things Are, kilichotoka mwaka 1963. Ni kitabu cha picha, maneno yake hayafiki 400. Mtoto aitwaye Max avaa nguo za mbwa mwitu, afanya utundu, apelekwa chumbani bila chakula cha usiku. Chumba chageuka msitu. Max asafiri kwa chombo mpaka nchi ya madude yenye meno na makucha, ayatuliza kwa kuyatazama bila kupepesa, na madude yamfanya mfalme wao. Mwishowe ashikwa na hamu ya nyumbani. Arudi, akuta chakula chake chamngoja, nacho kingali moto.

Kitabu hiki kilipotoka, wengine walikiogopa kwa niaba ya watoto. Mwaka 1969 Bruno Bettelheim, mtaalamu wa malezi aliyesikilizwa sana Marekani, alikilaumu hadharani. Naye huyo huyo mwaka 1976 alitoa kitabu kizima cha kuzitetea hadithi za kale za kutisha. Wakati huo watoto walikuwa wamekwisha kata shauri lao. Sendak alieleza kuwa madude yale aliyachora kwa kuwakumbuka jamaa zake, Wayahudi waliotoka Poland, waliokuja nyumbani kwao Brooklyn siku za Jumapili, wakamfinya mashavu na kumwambia kuwa ni mzuri hata wangeweza kumla. Hapo pana fundisho. Zimwi la mtoto mdogo limetengenezwa kwa vitu anavyovijua: sauti kubwa, uso ulio karibu mno, hasira ya mama, na hasira yake mwenyewe. Kumchorea dude hilo si kumletea kitu kigeni. Ni kumpa sura ya kitu alicho nacho tayari, apate kukitazama.

Nilimwona mvulana wa miaka mitano akikisoma kitabu hicho. Kila alipofika penye picha ya madude alifunika ukurasa kwa kiganja, kisha akafungua kidole kimoja kimoja mpaka jino likaonekana, halafu jicho, halafu dude zima. Hakuna mtu aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa akijipimia hofu yake kama mgonjwa apimavyo dawa kwa kijiko.

Mfano wa kinyume nao upo. Daktari Heinrich Hoffmann wa Frankfurt, nchini Ujerumani, alimtungia mwanawe wa miaka mitatu kitabu cha mashairi na picha, kikachapishwa mwaka 1845 na kuenea Ulaya yote. Ndani yake mtoto anyonyaye vidole gumba hukatwa vidole hivyo na mshonaji mwenye mkasi mkubwa, na msichana achezeaye viberiti huungua akabaki jivu. Wako wakisomao kama mzaha, na pengine ndivyo mtungaji alivyotaka. Lakini mtoto mdogo hajui mzaha wa namna hiyo. Chakula cha Max kilikuwa moto. Vidole vya mtoto yule havikurudi. Hofu ya Sendak ni daraja, na hofu ya mkasi ni fimbo. Mtoto wa umri huu apewe kitabu ambacho dude lake ni kubwa, safari yake ni fupi, na taa ya nyumbani inawaka mwisho wa safari.

Rafu ya kati ndiyo iliyokuwa na makelele. Watoto wa miaka saba hadi kumi na miwili huja kwa makundi, wakishindana nani amesoma kitabu kikali zaidi. Waliyemtaka mno ni R. L. Stine, ambaye tangu mwaka 1992 alitoa mfululizo uitwao Goosebumps, maana yake msisimko wa ngozi mtu anapoogopa. Kila sura huishia penye mshtuko, na aghalabu mshtuko huo huonekana baadaye kuwa ni paka tu au kaka mtu anayetania. Wakosoaji husema vitabu hivi ni vyepesi, nami sikatai. Lakini nimewaona wavulana waliochukia kusoma wakisimama wima kati ya rafu, hawana habari na kiti, wakigeuza kurasa. Umri huu hauridhiki na kubembelezwa. Wataka kujua kanuni: zimwi laingia wapi, laogopa nini, lashindwaje. Ni umri wa Sungura wetu, ambaye hana pembe wala makucha, hushinda kwa kuijua tabia ya adui.

Katika rafu hiyo hiyo vilikuwamo vitabu vitatu vya Alvin Schwartz, vilivyotoka miaka ya 1981, 1984 na 1991. Schwartz alikusanya hadithi za kutisha za mapokeo ya Marekani, na picha zake zilichorwa na Stephen Gammell kwa wino ufananao na ukungu na utando wa buibui. Kati ya miaka ya 1990 na 1999 vitabu hivi viliongoza katika orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu ambavyo watu walidai viondolewe maktabani. Mwaka 2011 vilichapishwa kwa picha nyingine zilizopoa, wasomaji waliokua navyo wakanung'unika, na baadaye picha za kwanza zikarudishwa. Lile walilolisahau wengi katika mashindano haya ni kurasa za mwisho. Huko Schwartz ameeleza hadithi zake zilitoka wapi, na jinsi watu wa sehemu mbalimbali walivyozisimulia. Amemtisha msomaji, kisha amemwashia taa akamwonyesha kamba na vipande vya kitambaa vilivyofanya mzuka.

Siku moja alikuja mzazi, amekunja uso, akataka kimoja cha vitabu hivyo kiondolewe. Mkutubi hakubishana naye. Alimkaribisha kiti, akamwomba akisome kitabu chote kwanza. Baada ya saa moja mzazi alisema kuwa bado hapendi mwanawe akiazime. Mkutubi aliandika jambo hilo katika kadi ya mtoto yule, na kitabu kikarudi rafuni. Niliona haki imetendeka pande zote mbili. Mzazi ana mamlaka juu ya mwanawe, wala hana juu ya wana wa wenzake.

Kitabu kimoja cha rafu hii chatuhusu sisi zaidi, nacho ni The Witches cha Roald Dahl, cha mwaka 1983. Dahl hakuwa mgeni wa Afrika Mashariki. Mwaka 1938 alikuja Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1939 akajiunga na jeshi la anga la Uingereza mjini Nairobi. Katika kitabu hiki mtoto yatima alelewa na bibi yake, ambaye amfundisha kuwatambua wachawi. Wachawi wenyewe ageuza mtoto huyo wamfanya panya, na panya abaki mpaka mwisho. Filamu iliyotengenezwa mwaka 1990 ilimrudisha katika utu wake, na Dahl hakupendezwa. Naona alikuwa na haki. Mtoto wa miaka kumi aweza kuuchukua mwisho usiotengenea kila kitu, maadamu upendo haukuvunjika. Na upendo wa bibi yule kwa mjukuu wake haukuvunjika.

Hata hivyo kitabu hicho kina neno la kuangaliwa. Chasema kuwa wachawi hufanana na wanawake wa kawaida, wapole, wenye tabasamu. Mahali ambapo hakuna amwaminiye mchawi, hayo ni mchezo. Mahali ambapo bibi kizee huweza kuuawa kwa kushukiwa tu, si mchezo. Sisemi kifungiwe kabatini. Nasema asomapo mtoto wa kwetu, awepo mkubwa wa kumwuliza: mtu aliye mwema kupita wote katika kitabu hiki ni nani? Naye atajibu kuwa ni bibi kizee.

Rafu ya juu ni yenu ninyi mnaosoma insha hii. Katika umri wenu hofu hubadilika mahali pa kukaa. Mtoto mdogo huuliza kuna nini chini ya kitanda. Kijana huuliza kuna nini ndani yake mwenyewe. Mary Shelley alianza kuandika Frankenstein mwaka 1816, kando ya ziwa la Geneva, alipokuwa na umri wa miaka 18. Kiangazi kile kilikuwa cha mvua na baridi, kwani mwaka 1815 mlima Tambora, katika Indonesia ya leo, ulikuwa umelipuka na kuitia anga majivu. Marafiki waliofungiwa ndani kwa mvua walishindana kutunga hadithi za kutisha. Yake, iliyochapishwa mwaka 1818, yahusu mwanachuo aliyeumba kiumbe kwa viungo vya wafu, kisha akamkimbia kwa ubaya wa sura yake. Msomaji huanza kwa kumwogopa kiumbe, na humaliza akijiuliza ni nani hasa aliyekuwa zimwi: aliyeumbwa, au aliyeumba akakataa kulea? Kadhalika Macbeth ya Shakespeare, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Samuel Mushi mwaka 1968, huanza na wachawi watatu. Lakini kisu hakikushikwa na mchawi hata mmoja. Kilishikwa na mtu aliyetaka kiti cha enzi.

Mwandishi wa Marekani Washington Irving, katika hadithi aliyoitoa mwaka 1820, alimchora mwalimu aitwaye Ichabod Crane, aliyependa mno kusoma kitabu cha uchawi cha Cotton Mather na kukiamini neno kwa neno. Usiku mmoja afukuzwa na mpanda farasi asiye na kichwa. Asubuhi watu wakuta kofia ya mwalimu, na kando yake boga lililopasuka. Wasomaji hucheka, kwani boga lile laeleza yote. Lakini Cotton Mather hakuwa mtu wa hadithi. Alikuwa mchungaji wa Boston, na mwaka 1689 alichapisha habari za watoto waliodhaniwa kurogwa, akiziandika kama ushahidi wa kweli. Kitabu chake hakikuwa na "Paukwa".

Ili kuyajua yaliyofuata nilipanda gari moshi kutoka Boston mpaka Salem. Mji huo leo hujaa wageni kila Oktoba, na maduka yake huuza kofia za wachawi na mifagio. Katika majira ya baridi ya mwaka 1692, katika nyumba ya mchungaji wa kijiji cha Salem, msichana wa miaka 9 na binamu yake wa miaka 11 walianza kupiga kelele na kujipindapinda. Wakubwa hawakuuliza ni hofu gani iliyowapata watoto hawa. Waliuliza ni nani aliyewaroga. Majina yakaanza kutajwa: kwanza ya wanyonge, halafu ya kila mtu. Watu zaidi ya 150 walishtakiwa. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja wa miaka 80 hivi akaminywa kwa mawe mpaka akafa. Mwaka 1697 mmoja wa mahakimu, Samuel Sewall, alisimama kanisani huku toba yake ikisomwa. Mwaka 1706 Ann Putnam, aliyekuwa mtoto wa miaka 12 aliposhuhudia dhidi ya watu wale, naye aliomba msamaha mbele ya waumini. Katikati ya mji ziko benki 20 za mawe zilizowekwa mwaka 1992, kila moja ina jina la mtu mmoja. Hatua chache kutoka hapo, watoto hupita wamevaa kofia zilizochongoka, wakicheka.

Nilikaa karibu na mawe yale nikawafikiri wazee wa kwetu. Katika kaunti ya Kilifi, kwa miaka mingi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wamelazimika kuyakimbia makao yao. Ushahidi mara nyingi ni mvi tu, na nyuma ya tuhuma aghalabu pana ugomvi wa shamba. Namkumbuka mzee mmoja, fundi wa kushona makuti ya kuezekea. Mtoto wa jirani aliugua homa, mtu mmoja akanong'ona, wa pili akaongeza, na usiku wa tatu nyumba ya mzee ikawaka moto. Alinusurika kwa kuwa hakuwamo. Alikwenda kwa binti yake, mbali, wala hakurudi hata kuitazama minazi yake. Miongoni mwa waliobeba mienge walikuwamo vijana waliofika shule. Walijua kusoma herufi. Hawakuwa wamezoezwa kuiuliza hofu yao: wewe ni hadithi, au ni habari? Nani amekuleta, na anapata faida gani?

Hili ndilo jibu langu kwa wale wenye heshima waulizao ya nini kumnunulia mtoto vitisho. Kitabu cha kutisha kilicho kizuri hukiri kuwa ni hadithi. Humtia msomaji katika hofu huku akiwa na mamlaka ya kukifunga, na kwa kuingia na kutoka mara nyingi msomaji huijua hofu inavyofanya kazi: jinsi inavyokuza kivuli, jinsi inavyotaka majibu ya haraka, jinsi inavyotafuta mtu wa kulaumiwa. Habari ya uongo haikiri. Siku hizi huja kwa simu, ina picha na sauti, na mwisho wake huagiza iwapelekee wengine upesi. Kijana aliyezoea kusoma hofu kitabuni atautambua ufundi huo. Yule aliyekingwa na kila hadithi ya kutisha atakutana nao siku ya kwanza akiwa mikono mitupu.

Basi, ninyi mlio na wadogo nyumbani, msiwatishe kwa jini la mbuyuni ili mpate utulivu wa saa moja. Mkiwasimulia la kutisha, fungueni mlango na mwufunge. Kwa mdogo kabisa chagueni hadithi irudiyo nyumbani. Kwa wa shule ya msingi, hadithi ambayo akili hushinda makucha. Na mtoto asemapo kuwa hataki kuendelea, kifungeni kitabu bila kumcheka, kwani yeye ndiye aujuaye mguu wake. Nanyi wenyewe someni vitabu vya umri wenu, hasa vile viwaachavyo na swali. Wahenga walisema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Yafaa nasi tulijue zimwi kabla hatujapewa mwenge na kuonyeshwa nyumba ya mzee.